Dereva wa Kikojozi na Abiria Mmoja Aliyebaki

Wewe unayesoma, ulishaona kikojozi anayesifiwa na mji mzima?

Huyu yupo. Ana rangi ya samawati na vioo vipana, na asubuhi hii amesimama kwenye yadi ya mabasi akidondosha maji chini ya tumbo, tone kwa tone, mpaka saruji imelowa. Dereva wake, mama wa watoto wawili, anainama, anayagusa maji kwa kidole, anajifutia kwenye sketi ya sare.

"Amka, Kikojozi," analiambia basi lake. "Kazi."

Jina hilo wamelitoa abiria. Basi halinywi petroli wala dizeli. Linatumia haidrojeni, gesi nyepesi kuliko hewa, iliyoshindiliwa kwenye mitungi minene juu ya paa. Gesi hiyo ikikutana na hewa ndani ya mtambo wake, unapatikana umeme. Umeme unazungusha magurudumu. Kinachobaki ni maji hayo ya chini ya tumbo. Moshi hamna, hata wa kumkoholesha kuku.

Mjazaji gesi, mwanamume mwenye kipara ambaye yadi nzima inamwita Mjomba, anachomeka mpira kwenye tundu la ubavuni na kungoja ukaze.

"Kikombe kimoja cha chai hakijaisha, yeye ameshashiba," anasema. "Ubaya wake anakula nyumbani tu. Kwa jirani hagusi."

Ni kweli. Pampu ya gesi hiyo ilikuwa hii moja, kwa hiyo basi halikuthubutu kwenda mbali. Juzi imefunguliwa ya pili, ng'ambo kule juu ya mlima. Leo Kikojozi anaupanda mlima kwa mara ya kwanza.

Na mlima ule una mwenyewe. Baba wa dereva ni fundi wa injini za petroli, na gereji yake iko pale mwinuko unapoanzia. Miaka yote mabasi yalichemka kwenye kona ya pili, na fundi akayafuata na dumu la maji na bisibisi yake ndefu. Bisibisi hiyo ndiyo sikio lake: ncha anaigusisha injini, mpini anautia sikioni, macho anafumba, kisha anakwambia kinachouma.

"Nimesomeshwa na mvuke wa ile kona," anasema dereva, akicheka. "Basi likichemka, sisi tunapika."

Wiki ya kwanza ya Kikojozi barabarani, alisimama kituo cha mbele ya gereji. Fundi akaona maji yanatiririka. Akavuka barabara mbio, dumu mkononi.

"Zima! Zima, mwanangu! Rejeta imetoboka!"

Kabla binti hajafungua mdomo, mzee alikwishaegemeza bisibisi ubavuni mwa basi na kutega sikio. Kimya.

"Injini imekufa kabisa," akatangaza, "na nyie mmekaa tu!"

Abiria mmoja akatoa kichwa dirishani. "Mzee, unampima nani? Huyo hana injini, ana kibofu!"

Basi zima likaangua kicheko. Fundi akarudi gerejini na dumu lake limejaa vilevile.

Mpaka leo hajalipanda basi la binti yake. Kila binti akipita humpigia honi mbili za heshima, na kila mara mzee hugeuza kigoda, akaangalia ukuta.

"Mji mzima nimeubeba," anasema dereva, akiufuta usukani ambao ni safi. "Nimebeba bwana harusi, nimebeba mpaka jogoo. Amebaki abiria mmoja. Na siku nilipokabidhiwa basi hili, wa kwanza niliyemfikiria alikuwa yeye."

Sasa basi liko mbele ya gereji. Mkono wa dereva unaiendea honi, unasita. Anafungua mlango, anashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Fundi yuko chini ya gari, inaonekana miguu tu.

"Leo tunapanda mlima. Nimekuja kukuchukua."

Miguu haitikisiki. Spana inagonga chuma mara moja. "Hilo kikojozi lako litafika?"

"Lisipofika, si una bisibisi yako?"

Mzee anajivuta nje. Ananawa kwa sabuni ya unga, kucha baada ya kucha, anavaa shati lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango.

"Fundi, unakwenda kuposa?" anauliza abiria mmoja.

"Nyamaza wewe, nauli yako sijaila."

Anakaa kiti cha mbele, nyuma ya binti yake. Basi linaanza kupanda. Kwenye kona ya pili anainuka nusu, mkono umekwisha kwenda chini ya kiti kutafuta dumu. Hakuna dumu. Hakuna mvuke. Yanasikika matairi tu, na mtoto anayenyonya, na kikapu cha mtu kinacholia. Mzee anakaa tena taratibu.

"Anapanda kama anateremka," anasema.

Mama mwenye kikapu anamgeukia. "Dereva huyu ana mkono laini. Sijui binti wa nani."

"Wangu."

Kisha, bila kuulizwa na yeyote, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma: "Wangu huyo!"

Juu, kwenye pampu mpya, baba na binti wanasimama kando wakiyatazama maji yakidondoka. Dereva ana mpango: anataka gereji ya baba iwe ya kwanza kukagua breki za mabasi haya, kwa kuwa breki, anasema, hata kikojozi anazo. Mzee anaitikia kwa kichwa.

"Lakini baba, siku zote hizo napita. Mbona hukupanda?"

Fundi anaitoa bisibisi mfukoni, anaipangusa, anairudisha.

"Ulikuwa unanipigia honi. Honi hupigiwa mbuzi waliolala njiani. Mimi nilitaka ushuke, mwanangu, uniambie, 'Baba, twende ukaone kazi yangu.'"