Viraka vya Siku za Eda

Kushona viraka nilifundishwa katika shule ya wasichana ya misheni huko kwetu bara, mahali ambapo baridi haikuachii mpaka saa nne ya asubuhi. Basi nilipoolewa na karani nikaletwa Temeke, kwenye kota za serikali, na kuanza kushona blanketi katika mji ambao watu wanalala madirisha wazi kwa joto, mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Blanketi la nani hilo?" aliniuliza. "La kwenda nalo motoni?"

Nilikuwa nashona ili mchana upite. Yeye alitoka asubuhi na baiskeli yake, akarudi saa kumi, akala, akajifunika gazeti. Mtoto tulikuwa hatujajaliwa. Wake wa majirani walikuwa na shughuli zao, wengine mashambani, wengine kuuza maandazi. Walinisalimu vizuri tu, wakapita. Zilikuwepo siku ambazo sauti yangu niliisikia mara ya kwanza alasiri, mume wangu alipopiga hodi, nayo ilitoka imekwaruza.

Mwanzoni mwa masika alifariki jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, dereva wa serikali, kwa homa ya siku tatu. Mkewe alikuwa mtu wa Lindi. Akakaa eda mle ndani, miezi minne na siku kumi bila kutoka, amevaa nguo nyeupe, hana manukato wala hina. Wakubwa wa kazini walimruhusu abaki mpaka eda iishe. Baada ya hapo kaka yake angekuja kumchukua, na nyumba ingepewa mwingine.

Nilikwenda kumpa pole na sahani ya ndizi za kupika. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa. Ningependa kusema ilikuwa huruma. Ilikuwa njaa ya kuongea na mtu, na huyu alikuwa mtu mmoja ambaye asingeweza kuniambia kwamba ndiyo kwanza anatoka.

Siku niliyobeba ushonaji wangu aliutazama kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, kitambaa kizima umekikata, halafu unakiunga tena. Kwani kilikukosea nini?"

Nikacheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamwonyesha. Mraba mmoja una vipande tisa, vitano vya rangi na vinne vyeupe, vyote vimekatwa kwa kipimo kimoja cha kadibodi. Unaunga vitatu vitatu, kisha unaunga mistari mitatu iwe mraba. Ukipotoka kidogo mwanzoni, mwishoni pembe hazikutani, na hapo hakuna dawa ila kufumua.

Vipande vya rangi, nilivyoviomba kwa fundi cherehani, alikataa kuvigusa. "Mie mjane mbichi, nitashikaje maua? Nipe hivyo vyeupe." Basi vyeupe vikawa vyake. Alikata kitambaa kuukuu cha marekani akakipanga mafungu ya vipande vinne vinne, na alikata kwa kunyooka kuliko mimi, ingawa mpaka leo inaniuma kukiri. Akiwa anakata alinisimulia habari za marehemu, jinsi alivyokuwa anakula wima kama mtu anayewahi safari. Alipolia niliendelea kupiga bandi, kuunga vipande vyangu kwa sindano. Nilikuwa na furaha, na nilijua si vizuri kuwa na furaha katika nyumba ile.

Mvua za mwaka ule zilifunika mbingu, mwezi ukawa hauonekani, na hesabu ikampotea. Hakujua kusoma. Akaniomba, "Wewe una kalenda ya ofisini, nihesabie eda yangu." Nikahesabu miezi minne ya kalenda na siku kumi, nikatia alama, kisha nikamwandikia kaka yake barua yenye tarehe hiyo. Hapo nilikuwa na nia safi.

Mume wangu hawezi kuona kosa akaliacha. Jioni moja akasimama mbele ya kalenda. "Hao wanahesabu mwezi unaoandama," akasema, "na mwezi huo ni mfupi kuliko wa kalenda. Umemzidishia siku nne." Akatoa penseli yake nyekundu ya kazini, akaizungushia duara tarehe ya kweli. "Kesho kamwambie."

Kesho yake nilikwenda na mkasi na vitambaa, na sikumwambia. Nikajiahidi kesho kutwa. Ilipopita wiki, nikaona haya ya kuulizwa nilikuwa wapi wiki nzima. Nikajifariji kwamba mtu aliyevumilia miezi yote hiyo, siku nne si kitu kwake. Lakini mwisho ulipokaribia alianza kuhesabu kwa vidole, akisema anatamani harufu ya udi, anatamani kwenda bombani na ndoo yake mwenyewe. Mimi nikawa namjibu, "Bado kidogo, dada." Nilikuwa nachezea ibada ya mtu kwa sababu ya upweke wangu, na nilijua.

Kaka yake akatokea mchana mmoja, sisi tumekaa mkekani na mraba haujaisha.

"Mbona hujajiandaa?" akamuuliza. "Eda yako imetimia jana. Lori linaondoka kesho asubuhi."

"Bado siku tatu, kaka. Huyu mwenzangu ndiye ananiwekea hesabu. Mdogo wangu, kailete kalenda aone."

Penseli ile nyekundu haikuwa ya kufutika. Nikaileta kalenda hivyo hivyo. Kaka mtu akaitazama akacheka bila ubaya. "Hii ya Kizungu, dada, sawa na ile tarehe ya barua. Sie tunafuata mwezi." Mwenzangu naye akaanza kucheka, kisha kidole chake kikasimama juu ya duara.

"Na hii alama nyekundu?"

"Ya mume wangu," nikasema. "Ndiyo siku yenyewe, ya jana."

"Ameiweka lini?"

"Siku nyingi."

Akanitazama. Kisha akaanza kukunja mkeka.

Jioni walikuja wanawake wawili wa ukoo wao kumwogesha na kumtoa eda. Niliketi kitandani nimevaa gauni langu la kanisani, nikingoja kuitwa. Nilisikia maji yakimwagwa upande wa pili wa ukuta, kisha moshi wa udi ukaingia mpaka chumbani kwetu. Sikuitwa.

Asubuhi alikuja mlangoni. Alikuwa na kanga mpya na wanja machoni, na kwa kuwa nilikuwa nimemzoea katika nguo nyeupe, kwa muda kidogo nilimdhania mgeni. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ungeniambia tu kwamba hutaki niondoke," alisema. "Ningemwomba kaka anipe wiki nzima, nikaja kulala kwako."

Lori likapiga honi barabarani. Nilitaka kumwambia anisamehe, kwamba nimemzoea, kwamba sina mwingine. Kilichonitoka mdomoni ni, "Safari njema, dada," kama ninavyomwambia mtu yeyote.