Nilimvisha shemeji mashine ya kupima moyo wangu, majibu yakaniumbua

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mzee wa malori, miaka sitini na tatu, naishi Malaba upande wa Kenya. Haya yalinipata mimi mwenyewe na aibu yote ni yangu. Mkicheka nitaelewa.

Boss wangu alitaka kila dereva wa umri wangu alete barua ya daktari. Nikaenda kliniki moja ya hapa town. Daktari, mama mpole, akanishika mkono, akahesabu mapigo akitazama saa. Akasema mapigo yanaruka, kwa hiyo nivae mashine siku nzima, mchana na usiku.

Mashine yenyewe ni ndogo kama kabambe, zile simu za vitufe. Ina waya tano za rangi zinazobandikwa kifuani. Unapewa pia karatasi ya kuandika kila saa ulikuwa unafanya nini.

Sasa mjue akili ya dereva wa mpakani. Miaka thelathini nimeona mzigo wenye shida ukivuka kwa makaratasi ya mzigo safi. Nikajiambia, moyo nao ni mzigo tu.

Nikapiga picha waya zilivyokaa, nikapanda boda hadi Chakol kwa Etyang, kaka ya mke wangu. Huyo analima kwa jembe tangu alfajiri na hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa. Nikamweleza shida yangu ya barua, nikamnyoa kifua, nikambandika.

"Shemeji, hii kitu hailipuki?"

"Wewe lima tu. Kesho nakuja kuichukua."

"Na ikisema nina mimba?"

"Tutatafuta baba."

Mimi nikarudi nyumbani kujaza karatasi. Saa nne, nimekaa kwenye lori, foleni. Saa tano, bado foleni.

Kesho yake nikaichukua mashine Chakol, nikairudisha kliniki kama yangu. Daktari akasoma majibu. "Mzee, hii ni foleni gani, moyo unakimbia kama wa mtu anayelima?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akasema kuna masaa moyo ulidunda ovyo kabisa, sehemu ya juu ikitetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama hivyo inaweza kuganda, na donge likipanda kichwani ni stroke. Akaniandikia dawa ya kuzuia damu isigande. Barua akaninyima.

Nilienda kuazima moyo mzima, nikaazima mgonjwa!

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo. Kumvisha mtu mashine ni ujinga. Kunyamaza ni kitu kingine. Niliogopa boss ajue nimedanganya, na mke wangu nilimwogopa zaidi. Etyang aliponiuliza majibu, nikamwambia yako sawa. Dawa nikazificha kabatini. Nikajidanganya kwamba labda nilibandika waya vibaya.

Siku nne.

Siku ya tano tulikuwa kwa Etyang mchana, wazee watano tumezunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi ya huku kwetu inayonyonywa kwa mrija mrefu. Mrija wa Etyang ukaanguka. Akauokota, ukaanguka tena.

"Huyu amelewa kabla chungu kipate moto!" mzee mmoja akamtania. Wakacheka wote. Mimi nikaona mdomo wake umepinda upande mmoja.

Nilichukua gari la jirani bila hata kuomba. Hospitalini nikamwambia daktari wa zamu kila kitu, mke wangu, aliyetukuta huko, amesimama nyuma yangu akisikia: mashine, picha, uongo, siku nne.

Tulifika mapema. Leo Etyang anatembea na kuongea vizuri, anameza dawa zake, ila vidole vya mkono mmoja bado vizito.

Na mimi? Nilivaa mashine upya, safari hii kifuani kwangu. Daktari akasema mapigo yangu yanaruka kidogo tu, si ya kutisha. Moyo niliokuwa nauficha ulikuwa mzima.

Etyang hupenda kusema, "Bila ujanja wako, shemeji, nani angenipima?" Ananipunguzia mzigo tu. Mashine ilimpa siku nne za kutibiwa, na mimi ndiye niliyezila.

Kwa hiyo wakuu, ukipewa hiyo mashine, vaa mwenyewe. Majibu yakija, sema ukweli siku hiyo hiyo. Na ukiona mdomo wa mtu umepinda, mkono umelegea au maneno yanavurugika, usisubiri apumzike. Mkimbize hospitali.

Aliyewahi kuvaa mashine hii atusimulie. Mwenye matusi pia ayaandike, nayasoma yote. Ila nijibuni baada ya saa tatu asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo niko Chakol nakamua ng'ombe wa Etyang, na huyo ng'ombe bado hajanisamehe.