Aliyenipeleka Kufungwa Waya

Chonge langu la kushoto liliota juu ya ufizi, nje ya mstari wa wenzake, na tangu utotoni nilicheka nikiziba mdomo kwa kiganja. Nilipopata kazi ya kukata tiketi uwanja wa ndege wa Bangboka, ambako siku nzima natazamana na abiria, nilimwambia dada yangu mkubwa kwamba natafuta daktari wa meno.

"Kabondo iko munganga moja, alisomea Kinshasa," akasema. "Nitakufikisha mimi mwenyewe."

Sikuuliza zaidi. Yaya, kama ninavyomwita dada, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kila nilipougua ndiye aliyejua pa kunipeleka.

Tulienda Kabondo kwa toleka, baiskeli za kubeba abiria, kila mmoja nyuma ya yake. Munganga alikuwa na chumba kimoja, kiti cha plastiki na koti jeupe. Hakuniuliza kitu. Alinifunga waya kwenye meno sita ya juu, akaukaza kwa koleo hadi machozi yakanitoka. Yaya alikaa mlangoni akitazama barabara muda wote. Nilidhani anaogopa damu.

Wiki ya tatu ufizi ulivimba. Asubuhi moja, nikila kwanga ya muhogo, nilihisi jino la mbele linacheza. Yaya akasema nivumilie, ndivyo inavyokuwa. Lakini mwenzangu wa kazini aliponiona siwezi kutafuna, alinielekeza kwa daktari mwanamke mjini, aliyemtibia mtoto wake.

Huyo alinipiga radio kwanza, picha ya mfupa wa taya, kisha akanipa kioo.

"Jino la maziwa hapa, uling'olewa mapema?"

"Ndiyo, nikiwa mdogo sana."

"Basi meno ya jirani yalisogea, yakajaza nafasi. Chonge lilipokuja halikukuta mahali. Hiyo naiona kila wiki, tena inatibika. Lakini jino husogezwa polepole, kwa miezi mingi, mfupa upate kulifuata. Haya yako yamevutwa kwa nguvu."

Alikata waya. Jino la mbele halikuweza kuokolewa.

Nilimkuta Yaya uani akitwanga majani ya pondu. Nilifungua mdomo nikamwonyesha pengo. Hakushangaa. Aliweka mchi chini, akapangusa mikono, akaingiza kidole mdomoni mwake na kutoa kipande cha plastiki chenye meno mawili. Tulilala chumba kimoja kila usiku, na sikuwahi kukiona.

"Ni munganga yule?" nikamwuliza.

"Ni yeye. Mwaka jana."

"Na ukanipeleka."

Alikigeuza kile kipande kiganjani. "Nilisema pengine kwako itafaa." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na kama haifai, nisibakie mimi peke na hii haya."

Nilitamani angedanganya. Ningemsamehe upesi kama angesema hakujua. Niliingia ndani, nikahamishia godoro langu sebuleni, naye akaendelea kutwanga.

Sasa nina jino la bandia mbele. Chonge bado liko juu, na daktari amesema tutaanza kulisogeza ufizi ukipona kabisa. Juzi Yaya aliniuliza siku ya miadi, akitaka kunisindikiza. Nilimwambia kwamba mwenzangu wa kazini ndiye atakayekwenda nami. Haikuwa kweli, jana nilikwenda peke yangu.