Zebaki ya Korongoni

Watu wa milimani, kaskazini ya Kigoma, walipohamishiwa kijiji cha ujamaa ufukweni, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Siku moja mtaalamu wa madini alikuja kwa boti, kijana mpole wa kutoka pwani, asiyejua neno la Kiha. Mwenyekiti wa kijiji akaniomba nimpeleke mlimani nikamfasirie. Huko juu alikuwa amebaki bibi mmoja tu. Nilipouliza kwa nini, mwenyekiti alitazama ziwani.

Tulipanda asubuhi. Nyumba za kijiji cha zamani zilikuwa zimeezuliwa, milango imeng'olewa, magugu yamekwishaingia hadi vyumbani. Hapakuwa na mbwa wala jogoo. Katika ukimya ule moshi mmoja ulikuwa ukipanda wima.

"Mwakeye," nilimwamkia bibi kwa Kiha. Aliitikia bila kushangaa, kama mtu aliyekuwa akitungoja. Mikono yake ilitetemeka hata maji yakamwagika kabla kibuyu hakijafika kinywani.

Alitukaribisha mekoni. Kwenye mafiga yake, upande wa nje usioguswa na moto, palikuwa na vitone vya fedha. Kimoja kilidondoka chini kikagawanyika, kisha vipande vyake vikakimbiliana vikawa kimoja tena.

Bibi alinisimulia kwamba mumewe na binti zake wawili walikufa mmoja baada ya mwingine, wote wakitetemeka hivyo hivyo, meno yakilegea. Sasa kila jioni walikuja kuota moto naye. Aliwaona ndani ya vile vitone, wadogo mno, wakimtazama.

Nilipofasiri hayo, mtaalamu alitutoa nje haraka. Akaniambia ile ni zebaki tupu, isiyoshikamana na kitu kingine, na ni nadra kuikuta hivyo ardhini. Lakini ya mekoni haikubaliki kuwa madini ya asili, kwa sababu huenda moto ndio ulioitoa jiweni, na kazi ya moto wa binadamu haihesabiwi. Ilibidi ionekane mahali ilipozaliwa, ndani ya mwamba wake, kisha wataalamu wengine waipime na kuridhika.

"Muulize mafiga aliyatoa wapi," alisema.

Bibi alitupeleka korongoni nyuma ya nyumba, kwenye mwamba mwekundu kama ini. Mtaalamu aliupiga nyundo. Ufa ulipofunguka, jiwe likaanza kutoka jasho. Vitone vilisukumana kutoka ndani, polepole, mahali ambapo hakuna moto uliowahi kufika. Nilipoinama, kila kimoja kilikuwa na uso. Ulikuwa wangu, nilijua, lakini nilirudi nyuma.

Alikusanya vitone katika chupa pamoja na kipande cha mwamba. Ndipo akaniomba nimweleze bibi kwamba mvuke wa mawe yale yakipata moto ndio uliowaua watu wake.

Bibi alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, bibi."

Aliketi chini kwenye majani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walihama bila kumwita.

Tuliteremka naye siku ile ile, akiniegemea. Baadaye mtaalamu alirudi kutueleza kwamba zebaki ya korongoni ilikuwa imekubaliwa kuwa ya asili. Katika mwamba ule ule alikuta pia chembe ngumu iliyong'aa, akatumaini ni madini mapya, kumbe yalijulikana zamani nchi nyingine. Hilo lilimuuma. Mwenyekiti alitangaza habari za mvuke mkutanoni, na wengine wakaanza kumsalimu bibi.

Mikono yake ilitulia kidogo kidogo. Nilimuuliza kama analala vizuri. Akasema analala, ila jioni ni ndefu.

"Huku hawaji," aliniambia.

Siku moja alinipikia ugali na dagaa. Nilikula barazani kwake, mchana, watu wakipita. Mama wa nyumba ya pili alimwita mwanawe ndani, akafunga mlango.