Fundi wa bodi na sauti iliyouliza kama amekula

Saa tano asubuhi, jua liko juu, lakini katika chumba cha Mama Bodi taa inawaka kama usiku. Chumba kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, hakina dirisha, na kila anayepanda au kushuka anampitia juu ya kichwa.

Ameinamia kompyuta iliyolazwa ubavu; bodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua. Kabla ya kugusa kitu kingine anachomoa diski inayotunza kumbukumbu zote za mwenyewe, anaizungushia kitambaa safi, kisha anailaza kwenye kiti cha wateja. Mteja akija, atasimama.

"Bodi ni nyumba tu," anasema bila kuinua macho. "Nyumba ikiungua, unahama. Anayehama ni huyu hapa." Anaitupia diski jicho la pembeni, kama anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Kazi hii aliianza kwa kufagia duka la fundi redio. Akawa anafagia polepole ili aone mikono ya mzee wa watu inavyokwenda, mpaka mzee akachoka kumfukuza na kumpa chuma cha kulehemu. Leo kazi yake ni moja: bodi iliyokufa inatoka, nyingine ya aina ileile inaingia, diski inabaki ya mwenyewe na kila kilichomo. Bodi huzipata kwenye kompyuta zilizotupwa na maofisi. Mumewe hukaa akimtania kwamba siku akifa asipitishwe karibu na duka hilo, maana mkewe atambadilisha bodi na kumrudisha kazini.

Mwiko anao mmoja. Hafungui mambo ya watu. "Nawasha, naona imeamka, nazima. Diski ya mtu ni chumba chake cha kulala."

Ndiyo maana yaliyompata miezi michache iliyopita hajayazoea mpaka leo.

Alikuja mama mmoja, mhudumu wa wodi ya hospitali, mtu wa kukaribia kustaafu, amebeba kompyuta iliyofungwa kwenye shuka. Ilikuwa ya mdogo wake, aliyekuwa akiwachapia watu barua nyumbani. Mdogo mtu alifariki kwa ugonjwa wa ghafla, na baada ya mazishi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo na kuichoma bodi. Mama yule alitaka picha tu, akaondoka kwenda zamu.

Bodi ilipatikana. Sasa, ndani ya bodi kuna betri ndogo kama kifungo cha koti. Hiyo ndiyo inayoikumbusha mashine leo ni siku gani. Mama Bodi huweka mpya kabla ya kurudisha diski. Siku hiyo zilikuwa zimemwishia, akasema si kitu, arudishe diski aone kwanza kama itaamka. Ikaamka, na pembeni ya kioo tarehe ikasoma mwaka uliokwisha pita zamani, saa ya kula mchana.

Akageuka kutafuta bisibisi.

"Dada, umekula?"

Sauti ya mwanamke, ya upole, nyuma ya bega lake.

"Bado," akajibu.

Ndipo alipokumbuka kwamba chumbani yuko peke yake. Hata miguu ya ngazini ilikuwa imetulia.

"Nilijibu kabisa," anasema sasa, akisugua mkono uliosimama vinyweleo. "Sauti yenyewe haikunitisha sana. Kilichonitisha ni mimi kuijibu."

Alitoka nje, akasimama juani. Aliporudi aliona kwenye kioo ni kitu gani: kompyuta ilikuwa na kengele za kukumbusha, na badala ya mlio, mwenyewe alirekodi maneno yake. Mashine ilidhani bado ni mwaka ule, ikafanya kazi ya mwaka ule.

Mama wa wodini aliporudi, fundi alimweleza yote. Mama akaketi. Akasema ni kweli, zamani alikuwa akilala mchana kwa ajili ya zamu za usiku, na mdogo wake akitoka kupeleka barua humwachia kengele hiyo imwamshe ale.

Kisha wakagombana. Mkubwa alitaka nyumba ya marehemu mama yao iuzwe, mdogo akakataa, maneno yakawa makali. Mkubwa akafungasha, akahamia vyumba vya wafanyakazi. Akiwa njiani alisikia mdogo wake akipiga kelele kwamba mlango ule atauona umefungwa maisha yake yote. Hawakusemeshana tena. Aliporudi pale, alirudi kuzika.

Akaitazama tarehe pembeni ya kioo. "Mwanangu, hiyo saa inasogezwa?"

"Inasogezwa, mama."

"Nitakutajia tarehe niliyoondoka. Ipeleke siku ya pili yake."

Mama Bodi alisita. "Na ikinyamaza?"

"Nitakuwa nimejua kwamba alinifungia kweli."

Akaipeleka. Wakafika saa ya kula mchana: kimya. Hakuna aliyeuliza kama mtu amekula. Akasogeza alasiri: kimya, ila feni ya mashine ikivuma kama mtu anayepumua kwa mdomo. Mama wa wodini akaanza kukunja shuka lake aondoke. Fundi akasogeza tena, ikasoma jioni.

"Dada, mlango sijaufunga. Ukija, sukuma tu."

Mama yule hakulia. Aliinuka, akaufuata mlango wa duka, ambao ulikuwa wazi tangu asubuhi, akauwekea kiganja na kuusukuma.

Wakajaribu wiki iliyofuata, mwezi uliofuata, siku yenyewe ya maziko. Jioni ikifika, sauti ni ileile. Mdogo mtu hakuwa ameiwekea siku ya kukoma.

Basi betri mpya ikatiwa, tarehe ikawekwa ya leo. Mama amehamia nyumba ile, hataki tena kusikia habari za kuiuza, na kompyuta haizimi. Majirani wanasema jioni akikaribia mlango husikika akijibu, kisha husimama kimya kidogo, kama anayesubiri kuongezewa neno.

Mama Bodi alimwomba ruhusa amtolee nakala ya sauti, mambo ya diski hayana dhamana. Akakataa. "Watakuwa wawili," alimwambia. "Nitamjibu yupi?"

Bodi za aina ile hazitengenezwi tena. Fundi amekwisha tenga moja juu ya rafu, haiuzwi, na anatafuta ya pili. Lakini macho yake yanaanza kuchoka, naye anaogopa siku duka litakapofungwa huku mtu bado anaingoja jioni.

Kwa hiyo amepanga jambo. Jumamosi hii mama wa wodini ataanza kuja hapa chini ya ngazi, ajifunze kubadilisha bodi kwa mikono yake.

"Ataweza," anasema, akirudisha diski mahali pake na kukaza skrubu. "Amezoea kuwageuza wagonjwa bila kuwaamsha."