Fatiha Iliyoninyima Shule

Haya nayasema mimi, anayeandika ni mjukuu wangu. Mimi kalamu siijui, na sababu yake naijua vizuri sana.

Enzi za Mwingereza, shule yetu pale Mchinga ilikuwa ya wavulana tu. Karani akaja kutoka boma la Lindi kuuliza watu: mnakubali kodi ya nyumba iongezwe, mjengewe na chumba cha wasichana? Baba yangu, fundi seremala, alikuwa amezunguka nyumba hadi nyumba kuwaomba watu wakubali. Na mimi alikwishanichongea kibao cha kuandikia.

Siku ya baraza sisi wanawake tulikaa nyuma ya jamvi lililotundikwa, tukichungulia. Karani, mtu wa bara, akasema, "Anayekataa anyooshe mikono. Anayekubali akae kimya." Akainama kwenye karatasi zake.

Kimya. Hakuna aliyenyanyua hata kidole! Mama akanifinya paja kwa furaha.

Baba naye furaha ikamzidi. Akapaza sauti, "Al-Fatiha!"

Lo! Mikono yote juu, viganja wazi, watu wanasoma. Karani akainua kichwa. "Kumbe mmekataa wote," akasema, akaandika.

"Hapana, bwana karani! Tunaomba dua!" baba akapiga kelele.

Karani akamgeukia jumbe, mkuu wa kijiji chetu. "Ni kweli?"

Jumbe alikuwa na nyumba tatu za kulipia kodi. Akamaliza Fatiha yake taratibu, akajipangusa uso kwa viganja, akasema, "Watu wameshajibu, bwana."

Baba akawatazama wenzake, wale wale waliomwahidi. Mmoja akakohoa. Mwingine akatafuta viatu vyake. Wallahi, hakuna aliyefungua mdomo! Kukubali walikubali kwa haya; njia ya kutokea ilipopatikana, wakapita humo humo. Mama yangu alilia nyuma ya jamvi, lakini sauti ya mwanamke nani aliiuliza?

Kibao changu mama alikifanya kifuniko cha mtungi. Na jumbe yule nilimwamkia shikamoo kila asubuhi mpaka alipokufa, naye akaitikia marahaba, mwanangu, bila hata kupepesa macho.

Siku ya maziko yake wakasema, "Al-Fatiha." Watu wote wakanyoosha mikono. Mimi yangu niliikalia.