Paa la Landrova na Mabega ya Murukulazo

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, nami nitakutajia tarehe yake ili usidhani ni hadithi ya kuotea moto jikoni: ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Februari 1995, siku landrova yetu ilipovikwa paa hapa Murukulazo. Tarehe nazitaja kwa makusudi. Nilijua kusoma nikiwa tayari mama wa watoto wawili, katika darasa la watu wazima, na mtu aliyechelewa kuipata kalenda huishika kwa mikono miwili.

Marehemu mume wangu, Deogratiasi, alikuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe. Kulisikiliza likinguruma kulimtosha kujua linaumwa wapi. Nayasema haya kwa kujivuna, na sitaomba radhi. Gari lenyewe lilikuwa landrova ya kijani iliyokwisha kuzeeka, iliyofunikwa kwa turubai lenye viraka. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu wakikimbia mauaji ya Rwanda, barabara zetu zilizozoea baiskeli na mbuzi zikawa za malori mchana na usiku. Wauguzi waliokwenda kambini kwa wakimbizi hao kila asubuhi walihitaji gari la kuwachukua, na Februari ile mkuu wao akamwambia Deo waziwazi: masika yanakuja, dawa zangu hazitanyeshewa. Ukifika Jumatatu na gari lililofungwa vizuri, kazi ni yako. Ukifika na turubai, nitamchukua mwingine. Kazi hiyo ndiyo ingetuvusha masika, na tulikuwa tumekwisha kuilalia na kuiamkia.

Paa jipya hatukuweza hata kuliota. Deo alilipata lililotumika, kule Nyamahanga, wilayani Biharamulo, juu ya landrova iliyokufa zamani, kuku wakitagia ndani yake. Lilikuwa paa la bati nene pamoja na pande zake zenye vioo na mlango wa nyuma, vyote vikiwa kitu kimoja kizito, na rangi yake ilikuwa bluu. Lori la maharage lilitushushia Ijumaa mchana kando ya barabara, pale njia ya kupanda kwetu inapoanzia, tukalilaza juu ya majani ya migomba.

Hapa sharti nikusimamishe kidogo, mwanangu, kwa kuwa ninyi mmekua na pikipiki. Milima yetu haikuwa na barabara kila mahali. Mgonjwa wa juu alibebwa kwa ingobyi, yaani machela ya kusuka iliyoning'inizwa kwenye miti mirefu, wanaume wakiibeba mabegani na kupokezana bila kusimama. Kila mwanamume wa kitongoji alikuwa na zamu yake ya bega. Mwito ukipigwa, jembe linalala hapo hapo lilipo. Hakuna aliyelipwa, ulibeba kwa kuwa nawe siku yako ingefika ya kubebwa.

Deo, tangu anunue gari, alikuwa ameacha kuitika. Alisema mbele ya watu, baada ya misa, "Mambo ya ingobyi yamepitwa na wakati. Mleteni mgonjwa barabarani, mimi nitamfikisha." Hakusema kwa kiburi cha moyoni, na kweli aliwafikisha wengi, saa yoyote. Ila hakujiuliza ni mabega ya nani yatakayomshusha huyo mgonjwa hadi barabarani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na landrova, mwanangu, ni msala upitao wenye magurudumu.

Basi Ijumaa ile alichukua vijana wanne kutoka gulioni. Walilinyanyua paa upande mmoja, upande wa pili ukabaki chini. Wakainua wa pili, wa kwanza ukateleza. Mmoja wao akafuta jasho akasema, "Kaka, hili si paa, hili ni kanisa." Kwa kamba na magogo wakalifikisha juu likiwa limekaa kombo, na Deo, akiogopa lisianguke, akaikaza bolti ya pembe ya mbele kwa nguvu zake zote. Ndipo lilipokataa kabisa. Pembe moja ilishika, na matundu mengine yote yakapishana na ya gari kwa upana wa kidole. Akachukua drili ya mkono.

"Baba Jenista," nikamwambia, "ukitoboa matundu mapya leo, mvua itapata milango."

"Na nisipotoboa, Jumatatu tutakula nini? Rangi ya bluu?"

Alilegeza bolti ile ili ajaribu tena, paa likateleza likatua kwenye majani, kioo kimoja kikapasuka. Vijana wa gulioni wakakumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kurudisha. Deo akakaa kwenye bampa, drili mapajani, akitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Burundi.

Sikumuaga. Nilijitanda kitenge nikapanda kwa Mzee Balthazari, aliyekuwa msimamizi wa ingobyi. Nilimkuta uani akipepeta maharage, kazi ambayo wanaume wengi wangeificha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mukazana." Ndivyo tunavyomwita mke wa mtoto wetu. "Mumeo amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Gari limeharibika?"

"Halina paa, baba. Lipo chini, na watu wa kuliinua hatuna."

Akapuliza makapi taratibu. "Ajabu. Sisi tulidhani gari lile lina kila kitu."

Nilitazama chini. Nilifahamu kuwa ningeweza kujibu, maana ulimi ninao hadi leo. Lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikamweleza habari za wauguzi na za Jumatatu, na kwamba kazi ile ikipotea, masika yote tutakuwa tunalitazama gari uani kama sanamu.

Aliweka ungo chini. "Sikiliza, mukazana. Hakuna aliyemkasirikia Deo kwa kuwa na gari. Mjukuu wangu yuko hai kwa ajili ya gari lile. Lakini mtu anayetoa tu, asiyepokea, asiyesimama kwenye mstari pamoja na wenzake, huyo hajui kwamba amekwisha kuwa bwana wao. Leonidasi, yule Mrundi aliyekimbilia hapa, hana hata tuta moja la viazi lililo lake. Ila zamu ya bega anayo. Mumeo mwenye landrova hana."

"Tulete pombe ya faini?" niliuliza, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi kwa aliyekosa zamu.

"Pombe ataileta mtu mwenye haraka ya kusahau. Kesho alfajiri tunamshusha Bibi Adela, ana homa ya mapafu. Mwambie Deo ashike mti wa mbele, upande wa bonde."

Nilishuka nikiwa na ujumbe mzito kuliko lile paa. Mwanangu, kumpelekea mwanamume mwenye fahari neno la namna hiyo kunahitaji ustadi: nilimwacha ale kwanza. Kisha nikamwambia yote, bila kuongeza wala kupunguza. Akawa anageuzageuza kijiko.

"Mti wa mbele?"

"Upande wa bonde."

Akacheka kidogo puani. "Mzee yule anajua pa kunipiga." Upande wa bonde ndio unaoteremka, na uzito wote wa mgonjwa humwegemea anayeushika. Hakusema atakwenda wala hataenda. Lakini kabla ya kulala nilimwona akitafuta kitambaa kinene cha kuweka begani, nikageukia ukutani ili asione ninavyotabasamu.

Alfajiri walimshusha Bibi Adela kwa wimbo wa kupokezana, na mimi nikiwa nimesimama barabarani na wanawake wenzangu nilimwona mume wangu akija mbele, shati limelowa, akichimba visigino kwenye utelezi. Wenzake hawakumhurumia. Mmoja alimwuliza, "Dereva, gia ya kuteremkia ni ya ngapi?" Mwingine akasema, "Mwacheni, breki zake hazijazoea." Deo, huku akihema, akacheka tu, na kicheko kile ndicho kilichofungua njia. Bibi Adela mwenyewe, ndani ya ingobyi, alitoa mkono akampiga kisogoni polepole akisema, "Kumbe una bega."

Mgonjwa kwanza, paa baadaye, hilo halikujadiliwa. Deo alimpeleka hospitali katika gari lisilo na kitu juu, mabinti wawili wa bibi huyo wakimkinga kwa miavuli. Moyoni nilikuwa na hofu mbili: kwamba mvua itamwahi, na kwamba akirudi hatakuta mtu. Mvua ilichelewa. Watu je? Aliporudi mchana aliwakuta wote wameketi kulizunguka paa kama wageni wa harusi wanaongoja chakula, wakibishana kama kuku wa Nyamahanga walitaga mayai ya bluu.

Mzee Balthazari aliwapanga kama anavyopanga wabebaji: wafupi mbele, warefu nyuma, maana nyuma ya gari ndiko kulikoinamia bondeni, na Leonidasi, aliyekuwa mrefu kama mnazi wa Ujiji, akapewa pembe ya mwisho. Mzee akaanzisha wimbo ule ule wa ingobyi. Kwenye neno la tatu paa liliinuka kwa pamoja, pande zote sawasawa, likapita juu ya gari kama kitu kisicho na uzito, likashuka bila kishindo. Jifya moja haliinjiki chungu, mwanangu, na siku ile nilikiona chungu chenyewe kikiinjikwa.

Kisha zamu ikawa ya Deo, naye hakurudia ya jana. Spana aliiweka chini. Alimpa kila mwanamume bolti yake na nati yake, akawaambia, "Kila mtu aingize kwa vidole tu. Mtu asikaze hata kidogo mpaka wote mseme imeshika." Wakaanza kuitikia mmoja mmoja kuzunguka gari: imeshika, imeshika huku, na huku. Bolti moja ya nyuma ikagoma. Kwa kuwa hakuna iliyokuwa imekazwa, paa liliweza kusogea. Leonidasi akalisukuma kwa bega, tundu likalikuta tundu. Hapo ndipo Deo alipochukua spana, akakaza kidogo mbele, kidogo nyuma, akavuka upande huu na upande ule, hadi mpira wa kuzuia maji ukabanwa vizuri pande zote. Hakutoboa tundu hata moja. Kioo kilichopasuka tulikiziba kwa ubao hadi Pasaka.

Masika yalianza. Jumatatu wauguzi walipanda, na paa lile la bluu juu ya gari la kijani likawa linatambulika njia nzima. Watu walisema landrova yetu imeazima kofia ya shemeji. Wauguzi na dawa zao walifika wakavu. Na Deo, hadi afya ilipomwacha, hakukosa zamu yake ya bega. Mwito ulipopigwa, aliegesha gari akapanda mlimani kwa miguu, kisha akashuka na mgonjwa hadi kwenye gari hilo hilo alilolikaza mwenyewe.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike, wewe uliye kijana na uliyeanza kupata. Chombo chochote utakachojaliwa, kiwe gari, kiwe simu, kiwe cheo cha ofisini, kitakunong'oneza kwamba huwahitaji tena watu. Usikiamini. Siku unapopata uwezo wa kuwasaidia majirani, ndiyo siku ya kuzidi kuhudhuria vikao vyao na misiba yao, ili msaada wako usije ukawa fimbo. Ukialikwa kushika upande mzito, ushike. Ukihitaji kuinuliwa, omba mapema, kabla hujavunja kioo. Na katika nyumba utakayoijenga na mtu aliyelelewa kwingine, msikimbilie kukaza upande mmoja. Mpeane nafasi ya kusogea mpaka pande zote zimeshika, kisha mkaze kidogo kidogo, kwa zamu.

Mungu wa milima hii akupe riziki isiyokutenga na wenzako. Akupe bega lisiloogopa upande wa bonde. Na siku miguu yako itakapochoka, mwanangu, uwasikie watu wakija kwa wimbo, bila kuitwa mara mbili.